Vitufe Vinne na Kosa Moja

Sebuleni mwangu, juu ya meza ndogo iliyo karibu na dirisha, pana chombo cheupe chenye ukubwa wa kamusi. Hakisemi wala hakiimbi, lakini watu wa nyumbani hukitazama mara nyingi kuliko wanavyoitazama saa ya ukutani. Chombo hicho huitwa ruta. Kazi yake ni kupokea habari ziletwazo na waya mwembamba kutoka nje na kuzitawanya hewani kwa mawimbi yasiyoonekana, ili simu na kompyuta za nyumbani zipate kuzidaka. Mawimbi hayo ni ya jamii ya mawimbi ya redio, nasi siku hizi tumezoea kuyaita Wi-Fi.

Waya wenyewe si wa shaba kama waya wa umeme. Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na kipitacho katika uzi huo ni mwanga. Sisi wakazi wa Mombasa tuna haki ya kujivunia nyuzi hizo kidogo, kwa kuwa ni katika mwaka 2009 nyaya kubwa za namna hiyo, zilizolazwa chini ya bahari, zilipofika pwani yetu. Mmojawapo ni ule uitwao TEAMS, ambao waunganisha Mombasa na Fujairah. Kabla ya hapo intaneti ya nchi yetu ilitegemea setilaiti zilizo mbali angani. Basi fikiri, msomaji: mwanga huvuka bahari nzima salama, hufika nchi kavu, hupita mitaani, huingia dirishani pangu, kisha mambo yote huja kutegemea vitufe vinne vidogo ambavyo hata mtoto aweza kuvibonyeza.

Nilikaa na chombo hicho mwaka mzima bila ya kuvijua vitufe hivyo. Nilikitumia kama mtu alavyo tende asijue mtende. Ujinga huo ulinigharimu, wala gharama yake haikuwa ya fedha. Kisa chake nitakieleza hapa kama kilivyokuwa, ingawa hakinipambi.

Nyumbani kwangu anaishi mwana wa marehemu ndugu yangu mkubwa. Alikuja kwetu baada ya mazishi ya baba yake, akiwa na umri wa miaka 13 na sanduku moja la bati. Huniita baba mdogo. Kwa watu wetu jina hilo si la heshima tu. Ni deni pia, maana aitwaye hivyo ameitwa baba, na baba ana wajibu wake. Mimi na mke wangu tulimpokea kwa moyo mweupe, naye hakutupa sababu ya kujuta. Alikuwa kijana mpole, mpenda vitabu, na mwenye kupenda kujua kila kitu kinafanyaje kazi.

Mwezi wa Mei mwaka 2023, kijana huyo akiwa katika kidato cha pili, mtandao wetu ulianza kuwa na tabia ya ajabu. Mara mbili au tatu kila juma, baada ya sala ya magharibi, ulikatika ghafula. Ruta ilikuwa inawaka taa zake kama kawaida, au hivyo ndivyo nilivyodhani, lakini simu zetu zilikuwa kama zimesahau kwamba iko. Baada ya muda mfupi mtandao ulirudi wenyewe. Juma la kwanza nilisubiri. Juma la pili nilinung'unika. Juma la tatu nilianza kutafuta mkosaji, na mtu atafutaye mkosaji kwa hasira hampati mkosaji, humpata aliye karibu.

Usiku mmoja mtandao ulipokatika nilitoka chumbani kwa haraka. Nilimkuta kijana ameinama juu ya ile meza, kidole chake ki ubavuni mwa ruta. Aliposikia hatua zangu alishtuka.

"Unafanya nini hapo?" nilimwuliza.

"Naiwasha, baba mdogo. Imezimika tena."

"Kila izimikapo wewe ndiwe uliye karibu nayo. Jambo hili wewe mwenyewe hulistaajabii?"

"Nimeona taa moja, baba mdogo, ile ya…"

"Nyamaza!"

Akanyamaza. Laiti na mimi ningalinyamaza. Badala yake nilimwambia kwamba mgeni mwema haiharibu nyumba aliyokaribishwa. Mgeni! Neno hilo lilitoka katika kinywa changu mimi, baba yake mdogo. Kijana alitazama chini, akasema, "Ndiyo," akaenda zake kulala kabla ya chakula.

Tangu usiku ule badiliko dogo lilitokea nyumbani. Kijana alianza kupiga hodi kabla ya kuingia sebuleni. Alikuwa ameishi kwetu karibu miaka miwili, akiingia na kutoka kama watoto wengine. Sasa alisimama mlangoni, akabisha, akangoja kuambiwa karibu. Hakufanya hivyo kwa kiburi wala kwa kejeli. Alifanya kwa adabu, kama mgeni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuwa ni mgeni. Mke wangu aliiona hodi ile kabla yangu. Mimi niliisikia, nikajifanya sikuisikia.

Niliazimia kubadili neno la siri la mtandao, ili kijana asiweze kuutumia tena. Njia ya kulibadili sikuijua. Niliwahi kusikia tu kwamba nyuma ya ruta pana tundu lililoandikwa Reset, na kwamba akitiaye kitu chembamba humo hukifanya chombo kuwa kipya. Kidole hakipiti katika tundu hilo. Kwa hiyo nilimwomba mke wangu sindano kutoka katika kikapu chake cha kushonea.

"Ya nini usiku huu?" aliuliza.

Nilimweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bwana, umemwuliza mtoto alichokiona?"

Sikumjibu. Nilitwaa sindano, nikaichomeka tunduni upande wa butu, nikahesabu mpaka kumi. Taa zote zilizimika pamoja, kisha zikaanza kuwaka tena moja moja. Nilijiona fundi.

Furaha yangu haikudumu. Jina la mtandao wetu lilikuwa limepotea, na mahali pake palikuwa na jina jingine la herufi na tarakimu zisizo na maana. Nililiona jina hilo limechapwa katika karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, pamoja na neno lake la siri. Niliingia kwa neno hilo, lakini nilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa mbele akakuta ukuta. Ruta ilinipokea, dunia iliyo nje haikunipokea. Nilipoipigia simu kampuni ituuziayo mtandao, niliahidiwa fundi siku ya tatu.

Siku tatu si nyingi, lakini mwenye kosa huziona ndefu. Maksi za wanafunzi wangu nilizipeleka kwa simu, kwa kununua vifurushi vya gharama. Kijana aliandika kazi yake ya jiografia kwa kuazima kitabu kwa jirani. Hakulalamika. Hodi yake iliendelea.

Siku ya tatu nilitoka shuleni mapema, nimebeba madaftari 40 ya kusahihisha, nikayaweka juu ya ile meza kama ilivyokuwa desturi yangu. Fundi alifika alasiri. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, mwenye mfuko mmoja wa ala na maneno machache. Aliitazama ruta, akauliza, "Nani alibonyeza Reset?"

"Ni mimi," nilijibu.

"Kwa nini?"

Nilieleza kwa kuzungukazunguka. Alisikiliza, akaunganisha kompyuta yake na ruta kwa waya, akaandika upya jina na neno la siri la mteja ambalo kampuni ilitupa siku ya kwanza. Alipomaliza, dunia ilirudi. Kisha akasema kwamba si haki kuondoka bila ya kunieleza vitufe vya chombo changu. Aliyoniambia ndiyo haya, nami nayaandika kwa sababu yatakufaa wewe pia.

Kitufe cha kwanza ni cha umeme, nacho huandikwa Power. Ukikibonyeza ruta hulala. Ukikibonyeza tena huamka. Ndani ya ruta mna kumbukumbu mbili. Moja ni ya kazi ya sasa hivi, mfano wa ubao wa darasani, nayo hufutika umeme ukatikapo. Nyingine ni ya mambo ya kudumu, kama jina la mtandao na neno la siri; hiyo ni mfano wa daftari, nayo haifutiki kwa umeme kukatika. Hitilafu nyingi ndogo ni takataka za ubaoni, ndiyo sababu kuzima na kuwasha huponya mengi. Lakini akizimaye yampasa angoje sekunde 10 au zaidi kabla ya kukiwasha, kwa maana ndani mna vifaa viitwavyo kapasita vinavyohifadhi umeme kidogo, na umeme huo ukingali upo ubao haujafutika sawasawa.

Kitufe cha pili kilikuwa ubavuni, kimeandikwa WLAN. Hicho hufungua na kufunga mawimbi ya hewani peke yake. Ukikifunga, ruta yaendelea kufanya kazi, na kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya yaendelea kupata mtandao. Simu tu ndizo zisizopata kitu. Taa moja huzimika, nyingine zote huwaka kama kawaida. Mtu asiyetazama taa moja moja huona kwamba chombo ni kizima, na kumbe sauti yake imefungwa.

Kitufe cha tatu kilikuwa karibu na cha pili, kimeandikwa WPS. Hicho ni kitufe cha kukaribisha. Ukikibonyeza, chombo kingine, kama vile printa, chaweza kujiunga na mtandao ndani ya dakika 2 bila ya mtu kuandika neno la siri. Ni rahisi, lakini maana yake ni kwamba mwenye kufika mezani kwako ana ufunguo katika kidole chake. Tena utaratibu huo una mlango wa pili ambao ni namba ya tarakimu 8, na habari ya namba hiyo yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa hesabu. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile saba zilizotangulia. Kwa hiyo mwizi angepaswa kujaribu namba 10,000,000. Kila jaribio likichukua sekunde 3, kazi hiyo yataka siku 347. Lakini mwezi wa Desemba mwaka 2011 mtaalamu mmoja, Stefan Viehböck, alitangaza kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, na humjulisha mwenye kujaribu kama kipande cha kwanza ni sahihi. Kipande cha tarakimu 4 kina namba 10,000, na kile cha tarakimu 3 kina namba 1,000. Mwizi hana haja ya kuzidisha, atajumlisha. Majaribio 11,000 yamtosha, na kwa sekunde 3 kila moja atakuwa amemaliza kwa saa zisizotimia 10. Mlango wa mwaka mzima uligeuka mlango wa usiku mmoja, kwa sababu ya kosa la kukubali nusu ya jibu. Fundi aliufunga utaratibu huo katika ruta yetu, nami sijapata kuuhitaji.

Kitufe cha nne ni Reset. Hicho hakilazi chombo, bali hukisahaulisha. Hulichana lile daftari la mambo ya kudumu, na kuirudisha ruta katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Jina ulilolichagua hupotea, neno la siri hupotea, na kwa ruta kama yetu hata jina la mteja lijulikanalo na kampuni hupotea. Ndiyo sababu hakuachwa nje kama wenzake.

"Unajua kwa nini kimewekwa ndani ya tundu?" fundi aliniuliza.

"Kisibonyezwe kwa bahati mbaya," nilijibu.

"Naam. Na atakaye kukibonyeza hapana budi kwanza atafute sindano. Akiitafuta, hupata nafasi ya kufikiri."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi nilipewa nafasi hiyo. Mke wangu aliniuliza swali moja la haki hali sindano imo mkononi mwake bado, nami nilinyosha mkono nikaitwaa bila ya kujibu.

Wakati huo chai ililetwa, na hodi ikasikika mlangoni. Alikuwa kijana, amerudi kutoka shule. Nilimkaribisha, akasimama karibu na mlango. Ili nipate mahali pa kuweka kikombe cha fundi, niliyasukuma yale madaftari 40 upande wa dirisha. Fundi hakukipokea kikombe. Alikuwa akiitazama ruta.

"Mwalimu," alisema, "hebu tazama taa."

Nilitazama. Taa moja ilikuwa imezimika, ile ya WLAN. Fundi aliyavuta madaftari kwa upole. Pembe ya daftari la chini ilikuwa imekigusa kitufe cha ubavuni. Alikibonyeza mara moja, taa ikawaka.

"Huyu ndiye mwizi wako wa magharibi," alisema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilizikumbuka zile siku zote, mara mbili au tatu kila juma. Zilikuwa siku nilizoleta madaftari nyumbani. Nilikuwa nikiyasukuma mezani jioni ili kupata mahali pa kuandikia, nikiufunga mtandao kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikatoka kumtafuta aliyeufunga. Na yule niliyemkuta na kidole juu ya kitufe alikuwa ndiye anayeufungua. Dalili ile ile niliyoifanya ushahidi wa kosa lake ilikuwa ushahidi wa wema wake.

Nilimwuliza kijana, mara hii kwa sauti nyingine, alikijuaje kitufe kile. Alisema, "Niliona taa zote zinawaka ila moja. Nikatafuta kitufe chenye maandishi sawa na ya taa ile. Nikabonyeza mara moja nione." Hayo tu. Alitazama, akalinganisha, akajaribu jambo dogo lisilo na hatari. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba hivyo ndivyo akili inavyopaswa kufanya kazi, na kwamba mwalimu humwuliza mtoto kabla ya kumhukumu. Nilifaulu mtihani wa mambo hayo. Nyumbani kwangu nilishindwa.

Fundi alipokwisha kuondoka nilimwita kijana akae. Mila zetu zimemfundisha mdogo kusema shikamoo, na mkubwa kuitika marahaba. Lakini hazikunifundisha neno la mkubwa aliyemkosea mdogo. Ilinipasa nilitafute mwenyewe. Nilimwambia, "Mwanangu, ulisema kweli nami sikukusikiliza. Nimekukosea, na ninakuomba radhi. Na lile neno la mgeni halikuwa kweli hata siku moja."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Haidhuru, baba mdogo."

Nilidhani mambo yamekwisha. Kesho yake jioni nilisikia hodi mlangoni, na kesho kutwa vilevile. Ndipo nilipofahamu kwamba ruta husahau yote kwa sekunde 10, lakini mtu hakuumbwa hivyo. Neno liingiapo moyoni halina tundu la kuchomekea sindano. Nilichoweza kukifanya ni kuishi naye vizuri siku baada ya siku, na kungoja. Nilimfanya mtunzaji wa ruta. Yeye ndiye aliyechagua jina jipya la mtandao wetu, akaliandika jina la mteja na neno lake la siri katika karatasi, akaifungia kabatini. Ni yeye aliyeihamisha ruta juu ya rafu ambako madaftari hayafiki. Na ni yeye aliyetuwekea utaratibu tunaoufuata hata leo: mtandao ukikatika, kwanza tazama taa, ikiwa taa ya waya wa nje ni nyekundu, kosa liko nje, usibonyeze kitu bali ipigie simu kampuni, ikiwa taa ya WLAN imezimika, bonyeza kitufe chake, ikiwa taa zote ni njema na mtandao haupo, zima, hesabu 30, uwashe, ikishindikana, uliza ajuaye. Kuhusu Reset aliandika maneno matatu tu: "Usiguse bila shauri."

Vijana, wahenga walisema hasira ni hasara, nami nimewaonyesha hesabu yake. Katika maisha mtakabidhiwa vyombo vingi vyenye vitufe vingi, na baadaye mtakabidhiwa watu. Anzeni daima na kitufe chepesi, nacho ni swali. Msikimbilie sindano. Na mkiona mtu ameweka kidole juu ya kitu kilichoharibika, ulizeni kwanza kama anakiharibu au anakitengeneza.

Hodi ya kijana ilidumu karibu miezi miwili. Jioni moja ya mwezi wa Julai nilikuwa nimekaa nikisahihisha, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia mbio, akavua viatu, akatupa mfuko wake juu ya kiti, akaniuliza kama kuna chakula. Nilimwambia kipo jikoni. Mke wangu alinitazama, nami nikainamisha uso katika daftari, nikaendelea na kazi.